Dada Anamsema Mikdad Huko Marekani, Baba Amefunga Chuo

Bi Ashatu mpendwa, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Kaole, nashona nguo Bagamoyo mjini, na leo naomba unisaidie kufikiri, maana mwenyewe nimeshindwa, nikiwaza hivi naona nakosea na nikiwaza vile naona nakosea zaidi, na wa kumwambia sina kwa sababu jambo lenyewe ni la nyumbani kwetu na papo hapo, sijui nisemeje, ni la Marekani.

Tulizaliwa watatu. Mkubwa ni dada Shufaa, aliolewa akaenda Marekani miaka mingi sasa, kazi yake ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kuwalelea. Mimi Mwanvita ni wa kati. Kitinda mimba ni Mikdad. Baba yetu ni mwalimu wa chuo, tangu sijazaliwa anasomesha watoto Kurani barazani kwetu, na nusu ya watu wazima wa hapa Kaole herufi zao za kwanza walizipata kwake.

Mikdad alikuwa fundi simu Kerege, na huko akazoeana na vijana wageni ambao hatukujua kwao wapi, wakawa wanamwambia kwamba maulidi anayosoma baba ni upotofu, kwamba masheikh wetu wameiuza dini, kwamba kuna mahali watu wanaipigania kwelikweli, na yeye akija nyumbani hali tena sinia moja na baba. Baba alimkalisha akamwambia, "Mwanangu, dini gani hiyo inayoanza kwa kumdharau mzazi?" Mikdad akajibu, "Baba, wewe hujui mengi." Haukupita muda akaaga kwamba anakwenda kusoma kusini, mimi mwenyewe nikampigia pasi kanzu yake, akaondoka, hakurudi. Karibu mwaka ukapita, tukapigiwa simu na mtu tusiyemjua, akasema alikuwa pamoja na Mikdad msituni ng'ambo ya mpaka, kwamba walipoona mambo yenyewe ni kuchinja wanavijiji walitaka kutoroka wote wawili, yeye akapona na Mikdad akapigwa risasi na wale wale waliompeleka. Akataja kovu la goti alilolipata Mikdad alipoanguka mnazini. Simu ikakatika, tukapiga na kupiga, haikupatikana tena.

Mama akasema huyo tapeli, mwanawe yu hai. Baba akasema tusibishane na watu, atakayeuliza aambiwe Mikdad yuko Komoro anafanya kazi. Basi, Bi Ashatu, hatukukaa matanga, hatukusoma hitima, na mimi mteja akija kibandani akaniuliza Mikdad hajambo, nasema hajambo, yuko Komoro.

Sasa Shufaa huko aliko hakuweza kunyamaza. Alianza kwenye msikiti wao, akiwaambia akina mama wenzake waangalie watoto wao wanazungumza na nani kwenye simu, na mimi niliposikia nikasema moyoni angalau mmoja wetu anasema. Lakini kuna jumuiya moja huko, wao kazi yao ni kupambana na Waislamu wenye siasa kali, wanasema usalama wa taifa lao uko hatarini, wakamsikia wakamwita, akawa anakaa mbele ya vipaza sauti anamsimulia Mikdad na watu wanampigia makofi. Ile video ya kwanza nililia, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli.

Ya pili ndiyo imetuua. Alipokuja likizo mwaka juzi alimrekodi baba na wanafunzi wake barazani, watoto wadogo wamevaa kofia na mitandio, wanayumba wakisoma, baba na fimbo yake ya kuonyeshea herufi. Picha ile imo ndani ya video ya jumuiya, Bi Ashatu, wameipunguza mwendo, wameiwekea muziki wa kutisha, na chini pana maandishi ya Kiingereza. Lulu, binti wa jirani anayesomesha sekondari, akanisomea: "Wanaanza nao wakiwa wadogo."

Baba alionyeshwa na mtu msikitini baada ya swala ya alasiri. Alirudi akakaa, akaniuliza, "Hawa watoto wamefanya nini?" Siku iliyofuata watoto walipokuja aliwaambia warudi kwao mpaka atakapowaita, na hajawaita. Huko mjini wapo wanaosema Shufaa ameuza dini, na wapo wanaonong'ona kumbe Mikdad hakwenda Komoro.

Nikampigia Shufaa. Nikamwambia baba amefunga chuo. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanvita, nisiposema mimi habari za Mikdad nani atasema? Nyinyi mnaosema yuko Komoro?"

Nikamuuliza, "Na sura ya baba inafanya nini pale?"

"Sikuichagua mimi. Niliwapa picha za nyumbani, wao wakachagua."

"Si uwaambie waiondoe."

"Nikianza kugombana nao sasa, hiki kikao nitakikosa."

Kikao chenyewe ni cha wabunge wa jimbo analoishi, wana muswada wa kuiweka misikiti na vyuo vya Kurani chini ya uangalizi wa polisi, na Shufaa ameitwa kutoa ushahidi. Anataka nirekodi video nieleze Mikdad alivyoondoka, na baba akae karibu nami, ili waone kwamba hata familia inakubali. Utafikiri anaishi raha kwa wenzake hao, lakini ameniambia kwamba wiki ile ile waliyompigia makofi, mwanamke mmoja dukani alimwona na mtandio wake akamwambia arudi kwao gaidi mkubwa. Na msikitini wameacha kuitikia salamu yake. Anakula peke yake kazini. Nikimfikiria hivyo namwonea huruma, halafu naikumbuka ile picha ya baba, huruma inaondoka.

Kama hayo hayatoshi, akanipigia dada mwingine kutoka huko huko, anaitwa Esha, asili yake Mombasa, anafanya kazi na watu wanaotetea haki za Waislamu. Ana adabu, alinisalimia vizuri, akasema muswada huo ukipita watoto wa Kiislamu watasumbuliwa jimbo zima. Akaniomba na mimi nirekodi video. Nikamuuliza niseme nini. Akasema, "Sema nyumba yenu ni ya amani, na kwamba hizo habari za ndugu yenu dada yako amezibuni." Nikamwambia lakini hazikubuniwa. Akasema, "Dada, wakati wa vita mtu hamkabidhi adui panga."

Sasa mimi nikisema na Shufaa, nawapa panga watu wanaomwita baba yangu gaidi. Nikisema na Esha, namkana mdogo wangu mara ya pili, maana ya kwanza ni hiyo ya Komoro. Nikinyamaza, kila mtu atajisemea atakavyo. Sijui hata hao Wamarekani wanaogopa kitu gani hasa, wanamwogopa aliyemchukua Mikdad, au wanamwogopa Mikdad, au wananiogopa mimi. Kikao kiko karibu. Nani mkweli, Bi Ashatu, na mimi nisimame upande gani?

Mwanvita, Kaole

*

Mwanangu Mwanvita, marahaba. Nimekusoma mara mbili na nimelia mara moja, sasa nimefuta macho, tuzungumze. Kwa kuwa kikao kiko karibu nakutumia jibu hili kwanza kwa simu yako, gazetini litakuja baadaye ukiniruhusu, na majina nitayabadilisha yote.

Nianze na jepesi. Esha amekuomba useme uongo. Kwa hilo hukuhitaji kuniandikia mimi. Hofu yake ina msingi, muswada wa kumfanya kila mwalimu wa Kurani mshukiwa ni jambo la kupigwa vita, lakini haupigwi vita kwa kumfuta kijana wa watu aliyekufa. Mwambie hivyo kwa maneno machache na usimwombe radhi.

Shufaa ni mgumu zaidi, kwa sababu amesema kweli kisha akaitia mikononi mwa watu wasiomjali mwenyewe wala baba yake. Ni kweli wapo watu wanaotembea na dini mdomoni wanatuchukulia watoto, na sisi wa pwani tunaojifanya hatujaona tunawasaidia kazi yao. Ni kweli pia kwamba Wamarekani walishazika watu wao waliouawa na watu wa namna hiyo, siwezi kuwacheka wakiogopa. Lakini mtu aliyeogopa humshika aliye karibu, si aliyemkosea. Nani alikuwa wa kwanza kuona Mikdad anapotea? Ni polisi? Ni mpelelezi? Ni mwalimu wa chuo, aliyemkalisha akamwonya. Baba yako ndiye aliyesimama mlangoni, na picha yake ndiyo imewekwa mahali pa mwizi. Hilo Shufaa ameliona, asikudanganye, ndiyo maana alinyamaza kwenye simu. Kusema "wao wakachagua" ni maneno ya mtu anayejua.

Lakini na wewe nisikilize, mama. Unamlaumu dada yako kwa kumsema Mikdad mbele ya wageni, na nyumbani mlimwachia nafasi gani ya kumsema? Mlimzika mdogo wenu kwenye neno Komoro. Dada yako yuko peke yake, hana matanga, hana wa kumpa pole, wakaja watu wakampigia makofi. Mtu mwenye msiba asiyepewa pole huchukua hata makofi. Sikuambii haya kumtakasa, nakuambia ili unapompigia usimpigie kwa hasira ya picha peke yake.

Sasa fanya hivi. Video usirekodi, ya huyu wala ya yule. Na baba asiwekwe mbele ya simu ya mtu yeyote, amechoka kuonyeshwa. Mpigie Shufaa leo, umwambie kwamba humkatazi kwenda kwenye kikao, Mikdad ni wake pia. Ila akisimama pale aseme yote, si nusu. Aseme yule mzee kwenye picha ni nani, na alimwambia nini Mikdad, na ni nani waliompiga risasi. Jumuiya yake ikimkataa kwa kusema hivyo, atakuwa amejua walimtakia nini.

Ukimaliza, mwite imamu wenu nyumbani, awe na baba faragha. Usiseme wewe, si maneno ya binti kumwambia mzee. Imamu ndiye amwambie kwamba Komoro imekwisha, watu wameshajua, na kwamba kuna wazazi wengine Kaole na Kerege ambao vijana wao wameanza kukataa kula nao, nao hawana wa kumuuliza. Baba yako anayajua haya kuliko mtu yeyote wa kijijini. Afungue chuo.

Mama yako mwachie mwenyewe. Usimbishie. Kaa naye tu.

Umeniuliza usimame upande gani. Marekani wana watu wao wa kusimama pande zote mbili, hawajapungukiwa hata mmoja. Wewe kwenu hakuna aliyesimama bado.

*Bi Ashatu*

*

Wasomaji, Mwanvita ameniruhusu nichapishe, na ameniletea habari kwa ujumbe wa sauti. Naziandika kama alivyozisema.

"Bi Ashatu, nilimpigia. Tulipigana maneno kwanza, kisha tukalia. Kikaoni alikwenda, Lulu akanifasiria. Alimsimulia Mikdad, halafu akawaambia, yule mzee mliyemwona kwenye video ni baba yangu, alikuwa anafundisha herufi, na ndiye aliyejaribu kumzuia mdogo wangu, nawaomba muswada wenu msiupitishe kwa jina la Mikdad. Mbunge mmoja akamuuliza, sasa mama wewe uko upande gani? Akasema, mimi ni dada yake. Jumuiya wameondoa jina lake kwenye mikutano yao, video ya baba bado ipo, ameandika barua mbili hawajamjibu. Esha naye hakufurahi, anasema nusu ya maneno ya Shufaa yatatumiwa vibaya. Muswada wenyewe sijui, wanasema wataujadili tena. Msikitini kwao mtu mmoja ameanza kumwitikia salamu, mmoja, si wote.

"Imamu alikuja, alikaa na baba mpaka adhana. Hatukusoma hitima kwa sababu ya mama, imamu alisema tusome dua ya kumwombea Mikdad popote alipo, akiwa hai au amekufa. Watu walikuja wengi kuliko nilivyodhani, na wawili walibaki nyuma, wakaingia ndani na baba wakafunga mlango, mmoja ana mtoto wa kiume anafanya kazi Msata, haendi tena nyumbani kwao. Shufaa tulimpigia, simu tukaiweka juu ya mkeka katikati ya akina mama, akawa anaitikia amina kutoka huko, sauti inachelewa, sisi tumemaliza yeye ndiyo anaitika. Ile simu ilipoanza kuzimika chaji, ni mama aliyeinuka kwenda kutafuta waya."