Aliyempeleka Mama Kitale

Kibabii, Bungoma

Mjukuu wangu Nafula,

Huku tu wazima. Babu yako analalamikia magoti, lakini kuvuna mahindi hamwachii mtu. Picha ulizotuma za hicho kisiwa cha volkano unakoendesha baiskeli tumeziona; milima gani hiyo! Unauliza, ukishuka ukasukuma baiskeli, safari bado ni yako?

Tulipokaa Kiminini, mama yangu alitutembelea akaugua. Baiskeli ilikuwepo, lakini kwa desturi yetu mama mkwe hamshiki mkwewe kiuno. Babu yako akanikabidhi usukani, mimi niliyejifunza juzi tu, shambani.

“Twende, si unajua kukanyaga?” Mama akasema, akapanda nyuma.

Babu yako alitufuata kwa miguu, mbali, kwa heshima. Kila mlima nilishuka nikasukuma, Mama ameketi juu kama chifu, hadi hospitali Kitale.

Muuguzi akauliza nani amemleta. Mama, na ugonjwa wake wote, akainua kidevu: “Ni huyu msichana wangu. Ameniendesha kwa baiskeli kutoka Kiminini!”

Ya kusukuma hakuyataja.

Nami kanisani wakiniuliza habari zako, nawaambia mjukuu wangu anazunguka kisiwa kizima kwa baiskeli.

Kukhu wako