Yeyo, Nilisema Unatufanyia Kazi

Mpendwa Yeyo,

Takwenya. Najua hakuna wa kuniitikia "Iko" leo, lakini ni wewe ulinifundisha kwamba mtoto haanzi kuongea na mama yake kabla ya kumsalimia. Sasa nimekusalimia. Yanayofuata ni ya aibu, na nimeyakalia miaka mingi.

Unakumbuka ile barua ya chuo cha India, ile kozi ya kuhudumia wagonjwa wa figo? Nilikusomea jikoni kwetu Illasit, wewe ukipepeta maharagwe. Ada ilipwe kwa dola au kwa cheki za wasafiri, walisema. Ukaweka ungo chini, ukaingia chumbani, ukarudi na mkebe wa majani chai. "Dola niko nazo," ukasema, kama mtu anayeulizwa kama ana chumvi.

Maskini mimi, sikuwa najua. Miaka yote uliyouzia watalii shanga kule langoni mwa mbuga, zile noti za dola moja moja na tano tano hukuwahi kuzibadilisha. Na chini kabisa, ndani ya plastiki, kulikuwa na karatasi ya dola mia, uliyopewa na mzungu mmoja kwa ule mkufu mpana uliokuchukua wiki tatu. "Hii ndiyo baba yao," ukaniambia, tukacheka sana.

Ukaja Kitengela, nilikokuwa nikifanya kazi hospitali, twende pamoja forex, pale pa kubadilisha pesa za kigeni. Zile ndogo zigeuzwe noti kubwa, na pesa ya mtamba uliyemuuza iwe dola. Ulivaa shuka mpya na shanga zako zote, kwa sababu kwako kwenda mahali pa pesa ni heshima. Mimi nilikuwa natembea mbele kidogo. Watu wa kwaya yangu walijua mama yangu ni mwalimu mstaafu, kwa kuwa mimi ndiye niliwaambia hivyo, na mmoja wao alikuwa kwenye foleni, nyuma yetu kabisa.

Ukashika zile noti, ukazitemea mate kidogo, thu, thu, ukizibariki kwa safari yangu, kisha ukazisukuma chini ya kioo. Keshia akarudisha mkono. Nikasikia mtu akicheka nyuma. Halafu ukatoa ile baba yao.

"Mama, hii si noti," keshia akasema. "Ni cheki ya wasafiri. Mwenyewe alisaini hapa juu wakati wa kuinunua, na alikuwa asaini tena hapa chini mbele yako wakati wa kukulipa. Bila hiyo ni karatasi tu. Na siku hizi hata hatuzichukui."

"Basi alisahau," ukasema. Ulikuwa unamtetea, Yeyo! Mtu aliyekula mkufu wako bure. Foleni nzima ikacheka.

Keshia akaniangalia. "Huyu ni mama yako?"

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hapana. Anatufanyia kazi nyumbani."

Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni, lakini hilo ulilielewa, neno kwa neno. Hukushtuka. Ulingoja nimalize kupokea dola zangu, ukachukua mkoba wangu, ukautia begani kwako. Ukanitangulia mlangoni, ukaufungua. "Pita, madam," ukasema, kwa sauti ya kusikika.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Mimi ndiye nilikataa kwetu, na wewe ukakubali kuwa mtumwa kwa niaba yangu. Nje nilitaka kukupokonya ule mkoba. Ukakataa. "Wacha, bado wanatuangalia," ukaninong'oneza. Ukanifuata hatua mbili nyuma mpaka tukapinda kona.

Hukulitaja tena, hata siku ya kuniaga, uliponitemea baraka kichwani ukaniambia nisome. Ada ya India nililipa kwa noti zako. Nikawa nakupigia simu kila Jumapili, tunaongea mvua, tunaongea ng'ombe, tunaongea maharagwe ya shamba la Entarara. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukuomba msamaha. Ukafa nikiwa bado naichagua.

Mwezi jana nilitumwa semina Dubai, nikarudi pale pale forex kutafuta dola za safari. Keshia ni yule yule, sasa anavaa miwani. Akaniuliza, "Na yule mama wa shanga?" Nikamwambia ulifariki. Akasema pole. Nikashukuru, nikachukua pesa, nikafika kwa ule mlango. Yeyo, mkono ulikataa kuusukuma.

Nikarudi. Kulikuwa na watu kama saba kwenye foleni, na nilisema mbele yao wote. "Yule hakuwa mfanyakazi. Alikuwa mama yangu. Mama yangu wa kunizaa."

Keshia hakuacha hata kuhesabu noti. "Najua," akasema. "Mlifanana mpaka vidole. Siku ile sote tulijua."

Sote, Yeyo. Hata yule wa kwaya. Nilikukana na sikumdanganya mtu yeyote. Ulinibebea ule mkoba bure mpaka kona, na mgongo wako ulikuwa unauma.

Nisamehe. Lala salama huko uliko. Siku tukionana, mkoba nitabeba mimi, wako na wangu, na nitatembea nyuma.

Ni mimi, mtoto uliyemzaa.