Shemeji na Kiti Chake

Kimuli, Jumamosi

Eti ukomo wa uongozi ni mambo ya mijini! Maneno ya shemeji yangu hayo, kaka mkubwa wa mume wangu, mwenyekiti wa kijiji tangu binti yangu ananyonya. Binti huyo sasa ana mtoto.

Leo kwenye mkutano wa kijiji mwalimu mmoja alipendekeza tuombe mwenyekiti asizidi vipindi viwili. Shemeji akakubali tupige kura, ila kwa kunyoosha mikono, "juu kabisa, niwaone vizuri." Mikono mingi ikaishia kukuna vichwa. Ikabaki miwili, wa mwalimu na wangu.

"Hata wewe, shemeji?"

"Hata mimi. Pumzika, kibanja chako kimejaa magugu."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, na sasa naogopa. Wiki ijayo ndiye atakayesikiliza shauri letu na jirani la mpaka wa shamba la kahawa, na akiamua kunikomoa...

Jioni mume wangu alikula ndizi na maharage akiwa kanipa mgongo. Nikajua kanuna. Mara akasema, "Kaka kanipigia simu. Anauliza kama una homa."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia ndiyo, tena umeshaniambukiza."