Mahali: Darasani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita nina sauti moja tu masikioni, ya sururu ikigonga mzizi. Iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena, nami nilikuwa ndani nawafundisha watoto kuchora nane. Nilipaswa kuanza kwa kukujulia hali kama ulivyonilea, lakini sauti imetangulia, unisamehe. Goti lako linaendeleaje? Kaka ameniambia sasa unapanda ngazi bila kushikwa mkono, nikafurahi. Msalimie baba, umwambie dawa ya kikohozi si ya kuonja, anywe yote. Mimi mwili ni mzima. Nina hasira tu, na barua hii imetoka kwenye hasira hiyo, kwa hiyo kaa chini ndipo uisome.

Sururu hiyo ilikuwa ya mafundi walioletwa na mwalimu mkuu kung'oa mpera ulio nyuma ya darasa langu, ili uwanja wote umwagwe zege. Uwanja wenyewe unaujua. Ulipokuja kunitembelea ulikaa pale kwenye gogo, watoto wakakupikia uji wa tope, ukajifanya umeumaliza na ukaomba wa pili. Hauna kitu cha maana machoni pa mpita njia: udongo, majani makavu, siafu, bomba linalovuja ambalo sijawahi kuomba litengenezwe. Ndiko nilikofundishia miaka mitatu.

Nina mwanafunzi wa miaka mitano tunayemwita Bibi Afya, kwa sababu hutembea mikono mgongoni akikagua kucha za wenzake. Ubaoni alikuwa havuki saba. Siku moja mapera mabichi yalianguka kwa upepo, akataka kuwagawia wenzake wanne sawasawa. Alihesabu hadi ishirini na tatu, akagawa, akaona matatu yamebaki, akakaa akiyatazama kama mtu aliyepunjwa dukani. Nikamwachia afikirie. Kesho yake alikuja na jibu lake mwenyewe, kwamba atafutwe mtu wa kupewa hayo matatu, na mtu huyo awe yeye. Mvua ikinyesha walichimba mfereji kutoka kwenye bomba, wakagombana kwa nini maji yanakataa kupanda, mwisho wakauhamisha mfereji wenyewe. Na wale ambao penseli iliwaponyoka mwezi wa kwanza, baada ya kufinyanga udongo wiki nenda wiki rudi, waliishika vizuri. Nimechoka kuwaeleza haya watu wanaonitazama kama nauza dawa ya nguvu za kiume.

Katika kikao cha walimu, kabla mafundi hawajaja, mkuu alisema wazazi wamelalamikia matope kwenye sare, na mmoja amemuuliza kama anamleta mwanawe kusoma au kulima. Walimu wakacheka. Nikasimama nikaeleza yote, Bibi Afya na mfereji na penseli. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu kubwa, na adabu hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Kisha akafungua droo, akatoa madaftari yangu ya maandalio ya masomo, yote ya miaka mitatu.

Alisoma kwa sauti. Somo: kuhesabu moja hadi ishirini. Mahali: darasani. Zana: ubao, chaki, kitabu cha mwanafunzi. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Mahali: darasani. Siku ile ya mapera, mahali: darasani. Alisema darasa langu linaongoza kwa hesabu, na mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu, nimethibitisha kwamba hatujawahi kufanya hata somo moja nje.

“Mwalimu,” akaniambia taratibu, “unapigania uwanja ambao hata wewe huutumii.”

Hakuna aliyecheka safari hii. Wenzangu waliangalia viatu vyao, maana nusu yao wanaandika kama mimi. Kamati ya shule ikapitisha zege, nakala za madaftari yangu zikaambatanishwa kama ushahidi, yenyewe nikarudishiwa. Leo zege limefika nusu ya uwanja. Lilipokauka, Bibi Afya alilizunguka mikono mgongoni, akaja kuniuliza, “Mwalimu, nyungunyungu watatokea wapi?” Nilimwambia aingie darasani. Mama, nilimjibu hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha mezani. Uongo ule niliuandika kila asubuhi, na hakuna aliyenilazimisha. Lakini sikuubuni. Nilipokuwa mdogo nilikuwa mwanafunzi wako. Ulitupeleka nje, ukatuacha tuchimbe, tupande, tuanguke, na kila kitu kilicho thabiti kichwani mwangu kilianzia kule. Jioni ulikaa mezani ukaandika kwamba tulikuwa tumekaa kwenye madawati. Nilipoanza kazi nilikuuliza nifanyeje na wakaguzi, ukacheka, ukasema, “Waandikie wanachotaka kusoma, kisha fanya unachojua.” Niliona ni ujanja wa mtu mwenye busara. Sikuona kwamba kila mwalimu mzuri wa watoto anafanya hivyo, na kwamba rundo la madaftari mazuri linapanda mwaka hadi mwaka, na yote yanasema uwanja si kitu. Chuoni andalio lako lilitolewa nakala, tukagawiwa kama mfano wa kuigwa. Nilijivuna siku ile. Nilijua lilikuwa la siku tuliyojenga daraja la vijiti, nikanyamaza. Nimekukasirikia, mama, na nimejikasirikia mimi zaidi, kwa sababu wewe ulikuwa unajificha peke yako, mimi nilikuwa na wenzangu ambao tungeweza kusema pamoja.

Nisalimie kaka na watoto wake, na jirani yako fundi cherehani, gauni lake linanikaa vizuri. Usiache mazoezi ya goti. Nakupenda, na hilo halijapungua hata siku moja.

Jumamosi na Jumapili nimepitia madaftari yote matatu kwa kalamu nyekundu. Kila palipoandikwa darasani kwa uongo nimekata, nikaandika tulikokuwa na tulichofanya, nikatia sahihi na tarehe. Jana asubuhi niliyapeleka ofisi ya elimu, mkaguzi akayapokea na kuyagonga muhuri, akaniambia nijiandae kujibu shtaka la kughushi kumbukumbu za shule. Kazi ya zege imesimamishwa hadi nitakapohojiwa. Katika barua ya maelezo nimeandika pia nilikojifunza kuandika hivyo, na nimeambatanisha lile andalio lako la mfano, nikiwa nimelisahihisha kwa kalamu ileile. Watakupigia simu wiki hii.

Mwanao wa mwisho,
Mwalimu wa chekechea