Baba, Walikuuliza Mwezi Ukajibu Tatu

Baba yangu mpenzi,

Leo nimekukosea. Kabla sijasema nilivyokukosea, nataka nikukumbushe siku uliyonishika mkono kwenda kuniandikisha skuli. Tulikuwa na wiki chache tu Maskati tangu tutoke Unguja, nami nilikuwa na miaka sita. Karani alikuuliza kwa Kiarabu nimezaliwa mwezi gani. Ukahesabu kwa vidole, ukajibu kwa madaha, "Thalatha!" Wewe na Kiarabu chako ulichokuwa ukikisifu, "Changu cha msahafu, si cha sokoni." Karani akaandika Machi, tarehe kumi. Ukaninunulia sharubati sokoni Matrah, tukarudi nyumbani tunacheka.

Kumbe ulikusudia mfunguo tatu. Kwetu miezi huhesabiwa tangu kufungua Ramadhani, na huo wa tatu ndio wa Idd kubwa, tarehe kumi. Mama hajachoka kunisimulia uchungu ulivyomshika asubuhi ya Idd, nawe ukakimbilia kwa mkunga na kanzu mpya, kiatu kimoja mguuni. Mwaka ule Idd iliangukia Mei. Kwa vile Idd huhama kila mwaka, na sisi si watu wa keki na mishumaa, hakuna aliyeshtuka kwamba nina siku mbili za kuzaliwa.

Aliyeshtuka ni afisa wa kampuni yako pale Wattaya, kwani ile Machi ilifuata katika karatasi zangu zote, hata katika faili lako la kazini, nami nikamwambia Mei. Ulifariki Aprili, ungali kazini. Desturi yao ni kumwajiri mtoto mmoja wa marehemu na kuiacha familia katika nyumba ya kampuni, mradi mtoto huyo awe hajatimiza miaka thelathini siku ya msiba. Kwa Mei, nilikuwa sijatimiza. Kwa Machi, nilikuwa nimeshapitwa. Na huna mtoto mwingine. Nikikataliwa, mama anatolewa huku mtaa wa Hail, katika nyumba mliyokaa miaka yote hii, naye yumo ndani ya eda yako.

Nilikukasirikia, baba. Nilikukasirikia nikiwa bado nakulilia, na sikujua kama inajuzu.

Nilimpelekea afisa karatasi ya mkunga kutoka Unguja. Akaisoma, akaniamini, kisha akatoa fomu: ahli wa marehemu watie saini kwamba alitoa taarifa za uongo.

"Alikosea," nikamwambia. "Kukosea si uongo."

"Najua, dada. Lakini neno la fomu ndilo hilo, siwezi kulibadilisha."

Nikaileta kwa mama. Aliisoma mara mbili, akaniwekea mapajani.

"Mie nitie saini kwamba mume wangu mwongo? Haiwi! Nitakutana naye kwa uso gani?"

"Watatutoa, mama."

"Watutoe. Nitahama na eda yangu."

Kwa siku tisa tuliishi hivyo, tunapikiana, tunapishana ukumbini, hatusemeshani. Nilimwona akigusa ukuta wa chumba chenu kila akipita, na bado hakutaka kalamu.

Leo ilikuwa siku ya mwisho. Afisa akaniambia kwamba mtoto mtu mzima naye anaweza kutia saini. Nikachukua kalamu. Nilikumbuka ulivyonirudisha skuli kwa miguu, jua la saa saba, kwa sababu ya ufutio wa mwenzangu niliokuja nao. "Nenda kamwambie mwenyewe," ulisema, ukakaa getini kunisubiri hata shati lako likalowa jasho. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyetakiwa kumwandika mwongo.

Nikatia saini. Jumapili naanza kazi, kati ya watu uliofanya nao kazi, na faili lako limo kabatini na jina langu chini yake.

Mama alipoiona barua ya ajira alianza kupiga kigelegele, akajiziba mdomo haraka kwa kiganja. "Nnakwambia kila siku! Haki ikiwepo ipo, hata saini yangu hawakuitaka." Alinikumbatia akalia, nami nikamwacha aamini hivyo.

Sasa yuko chumbani kwenu, anakusomea Yasini. Akimaliza, nitampa barua hii aisome, maana sitaweza kuishi naye humu ndani naye hajui nyumba imebakije. Nisamehe wewe kwanza, baba. Yeye sidhani kama atanisamehe.

Mungu akupe makao yasiyohamwa.

Mwanao wa pekee