Salamu Kutoka Masafa ya Kati

2 Aprili

Kwa Baba mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Hicho kiuno bado kinakusumbua? Mimi naendelea, ila si kama unavyonijua, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza kazi. Kituo chetu kimeacha masafa ya kati, kimehamia FM. Mabosi wapya wanasema masafa ya kati ni ya wazee na yanakula umeme. Hiyo FM inasikika vizuri mjini lakini haivuki milima, kwa hiyo huko kwetu hamtaipata hata mkipanda juu ya bati. Wamekuja na watangazaji wao, vijana wanaoongea kama wanakimbizwa, na sisi wa zamani tumeagwa kwa soda moja moja. Sipo tena redioni, Baba.

Pili, shingo. Ule uvimbe niliokuonyesha kwenye msiba wa mama, ukasema ni mafuta tu, umekua. Daktari anataka kuutoa tarehe 12 Mei. Anasema umekaa jirani na mshipa unaoendesha sauti, na huenda nikitoka huko nisiweze kuzungumza tena. Hata sasa sauti imeanza kukwaruza. Nakuomba uje kabla ya siku hiyo. Nina mambo ya kukuambia kwa mdomo wangu, wakati bado unasema.

Mwanao,
Chiriku


11 Aprili

Kwa mwanangu Chiriku,

Marahaba. Kiuno kipo palepale, chenyewe hakijahamia FM. Viatu vya watu havipungui, nashona na kugundisha kama siku zote.

Barua yako nimeisoma, nikairudia, nikaiweka chini, nikawasha redio. Ukatokea! Asubuhi saa kumi na mbili na nusu, mshale ukiwa pale pale, unasoma kadi za salamu na kucheka, sauti inateleza. Sasa nieleze wewe: huyo ambaye hayupo redioni ni nani, na huyo anayekwaruza ni nani?

Mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi. Tangu tumzike mama yako umekuwa ukinivuta nije kuishi kwako. Ulianza na baridi ya huku, ukaja na wezi, ukaja na upweke. Leo umeleta ugonjwa. Nikifika huko nitakuta chumba kimeshapakwa rangi, kitanda changu kimetandikwa, na nyumba hii imetafutiwa mpangaji. Sidanganyiki. Na ugonjwa si kitu cha kufanyia mzaha, utajiitia.

Baba yako


19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kiuno kimetulia.

Unachokisikia ni vipindi vya zamani. Kibali cha masafa yale kinaisha mwisho wa Mei, na mabosi hawataki yakae kimya kabla ya hapo. Basi fundi mitambo amekusanya vipindi vyangu vya mwaka juzi, akavipanga kwenye kompyuta, vinajirusha vyenyewe. Studioni hakuna mtu. Wiki iliyopita nilipita kuchukua kikombe changu na sweta, nikajisikia mwenyewe nacheka kwenye chumba kitupu. Nilitoka mbio, sweta nikaliacha.

Hakuna chumba kilichopakwa rangi. Naishi chumba kimoja, jiko liko nyuma ya mlango. Ukija utalala kitandani, mimi nitalala chini, na baada ya operesheni utarudi kwako kushona viatu vyako. Sitaki nyumba yako. Nataka uje unisikilize kabla sijakatwa.

Mwanao,
Chiriku


28 Aprili

Kwa Chiriku,

Marahaba, mimi sijambo.

Ningekuamini, ila kuna kasoro kwenye hadithi yako. Juzi ulisema redioni, "Leo mvua, vaeni makoti." Nikachungulia nje, kweli mvua inamwagika. Kitu cha mwaka juzi kinajuaje mvua ya leo? Kinyozi wa jirani naye alikuja analalamika kwamba salamu zake zimesomwa upya, tena kasalimiwa pamoja na mke aliyekwisha kumwacha. Nikamwambia labda anarudi, afagie nyumba.

Halafu kuna jambo limenikera. Jana fundi cherehani kaja mbio na simu yake, eti Chiriku yuko hewani. Naweka sikioni, nasikia mwanamke anakoroma, maneno yanakatika katika, "Baba, ni mimi." Nikamwambia: mama, binti yangu namsikia kila asubuhi, sauti yake naijua kuliko anavyoijua mwenyewe, tafuta mzee mwingine wa kumtapeli. Nikakata. Fundi cherehani akanishangaa. Hata yeye sasa simwelewi, huenda wana lao jambo.

Sasa niambie ukweli. Huyo mwanamke ulimtuma wewe, au kuna mtu anajifanya wewe? Kama hukumtuma, kaa macho, mji umejaa matapeli.

Baba yako


4 Mei

Baba,

Shikamoo.

Yule mwanamke ni mimi. Daktari amenikataza kuzungumza, lakini nilijifungia bafuni nikaiba dakika moja nikupigie. Hiyo ndiyo sauti niliyobaki nayo, na umeikatia simu. Nililia mpaka jirani akagonga mlango.

Mvua ya Aprili haihitaji mtangazaji. Ilinyesha Aprili ya mwaka juzi, imenyesha na Aprili hii.

Umemshuku muuza maziwa, umemshuku mchungaji wa mbuzi za watu, umewashuku mpaka shemeji zako walipokuja kukuzikia mke. Nilikuwa nacheka, kwa sababu mimi hukunishuku. Sasa imefika zamu yangu na sicheki. Nimechoka kuthibitisha kwamba mimi ni mimi.

Tarehe 12 nitakuwa hospitali kubwa, ghorofa ya pili, wodi ya wanawake. Ukitaka, njoo. Usipotaka, endelea kusikiliza redio.

Mwanao


13 Mei, nje ya wodi

Mwanangu,

Sijui hata nianze na salamu gani. Hali yako nimemuuliza muuguzi, anasema umeamka, ila saa ya kuona wagonjwa imepita. Nimekaa kwenye benchi la korido, nimemwomba akufikishie karatasi hii.

Jana asubuhi nilikuwa napaka gundi soli, redio iko kwenye rafu. Ukamaliza salamu za watu, kisha ukasema: "Na mama yangu mzazi, najua unanisikiliza hapo jikoni. Hilo goti likandwe, usijifanye mgumu." Nikageuza shingo kuangalia jikoni. Chiriku, niligeuka kweli. Nilimngoja atoke na mwiko mkononi, akwambie kwamba goti ni lake na halikuhusu. Halafu nikakumbuka kwamba mimi na wewe ndio tuliomzika.

Hapo nilielewa yote. Mwanamke wa kwenye simu, mvua, mke wa kinyozi, yote. Nikavaa viatu vya mteja maana vyangu sikuviona, nikakimbilia stendi, kiuno kikafuata kilipoweza. Basi likaharibika njiani tukalala humo. Nimefika umeshakatwa.

Maisha yangu yote nimeshuku binadamu, nikaja kuamini redio. Na acha niseme ukweli: nilitaka kuiamini. Mama yako alipoondoka nyumba ilibaki kimya, na ukianza kusoma kadi zako inakuwa kama tuko watu. Barua yako ilikuja kuniondolea hata hilo, nikaona afadhali wewe uwe mwongo.

Muuguzi ananitazama kwa jicho baya, nadhani anafikiri nimekuja kuiba mashuka. Naomba kitu kimoja. Niite. Hata kwa kunong'ona, mlango uko wazi kidogo, nitasikia. Nikisikia "Baba" nitajua umenisamehe, nitaingia hata akinishika shati.

Baba yako


Nyuma ya karatasi hiyohiyo

Baba,

Shikamoo. Shingo inauma, mengine salama.

Sitakuita. Nilijaribu alfajiri, ukatoka upepo mtupu. Nikajaribu tena daktari alipopita. Anasema tusubiri, sauti huenda ikarudi, lakini hanitazami usoni akisema hivyo, na mimi ni binti yako, najua kushuku.

Hasira ninayo, sitakuficha. Yale niliyotaka kukuambia, mengine hayaandikiki. Nilikuwa nimeyapanga kichwani kwa wiki nzima, na jana asubuhi nililala kwenye kile kitanda cha magurudumu naangalia mlangoni mpaka wakanisukuma ndani.

Sasa unataka usikie kwanza ndipo uingie. Hakuna cha kusikia, Baba. Safari hii itabidi uniamini hivi hivi, kwa mwandiko. Muuguzi nimemwandikia kwamba wewe si mwizi. Ingia.

Mwanao