Wembe wa Jumapili

Jumatatu, 4 Juni 2007
Tumempoteza Shigela, mdogo wangu, Alhamisi tarehe 31 Mei, saa nne asubuhi. Miaka 38. Leo nimerudi Bariadi kutoka mazishini kijijini Migato. Mke wangu Nyanjige na watoto wamebaki kwenye matanga. Nahesabu: Januari macho ya manjano. Machi tumbo limejaa maji, miguu imebaki vijiti. Mei anatapika damu. Miezi mitano! Kaka Luhaga anasema amelogwa, wivu wa kituo chetu cha pamba. Mimi nina 44. Mwezi wa pili huu ubavu wa kulia unanivuta.
Naogopa.

Jumatano, 6 Juni
Nimepima hospitali ya Somanda. Homa ya ini aina ya B. Ninayo.
Nikamwambia daktari: silewi, nakula vizuri, nimeinuka kwa jasho langu, kutoka baiskeli moja hadi lori. Akasema virusi havijali hayo. Vinakaa mwilini miaka ishirini, thelathini, kimya. Wengine haviwasumbui hadi wanazeeka. Wengine ini linaota makovu, linakuwa gumu, linashindwa kazi — au saratani. Mimi kundi gani? Hajui. Vipimo zaidi Mwanza. Mtu mzima akivipata, mara nyingi mwili huvifukuza. Mtoto mchanga, mara nyingi hubaki navyo. Basi huenda mimi na Shigela ni tangu utoto.
Vinapita kwenye damu. Nikauliza, wembe je? Hata wembe, akasema. Lete mke na watoto. Aliye safi atapata chanjo.
Niliondoka bila kuaga.

Alhamisi, 7 Juni
1996. Watu binafsi tumeruhusiwa kununua pamba, tumefungua kituo, maadui kibao. Tukaleta mganga atuchanje kinga. Aliuliza: wembe mmoja, au kila mtu na wake? Nyanjige alishanunua pakiti nzima. Mimi — mimi! — nikajibu: mmoja, nyumba ni moja, kinga isigawanyike. Nikatangulia, baba wa nyumba. Kisha Shigela, Nyanjige, watoto watatu. Watu sita, chale nane nane. Arobaini na nane. Kabula wa mwisho, mwaka mmoja. Alilia hadi akanikojolea.
Jioni dereva wangu Marcelo karudi kutoka Migato na salamu za kaka: Jumapili wanaanua matanga, ukoo wote unachanjwa upya. Wembe mmoja, "kama tajiri alivyotufundisha."

Ijumaa, 8 Juni
Nimempigia kaka. Akanisalimu Kisukuma: "Mwangaluka, tajiri! Siku nne tu tangu umzike mdogo wako, umeshakuwa daktari?" Nikamwambia ni ini, si uchawi. Akacheka. Hesabu za pamba zimenipanda kichwani, eti. "Na wewe unajuaje? Umeugua?"
Nikamuuliza habari za watoto. Akakata.
Waliokaa matangani ni kumi na tisa. Sijui nani ana virusi. Kabula huenda yuko safi bado — huenda!
Basi nimeandika barua. Majibu yangu nimeyaweka wazi, na wembe wa 1996 pia. Kaka hajui kusoma. Msomaji wake pale ni Nyanjige. Atayasoma kwa sauti, mbele ya wafiwa, kabla sijamwambia mwenyewe. Nilijua hivyo nikaibandika bahasha. Marcelo ameshaondoka nayo.
Mwisho nimeandika hivi: Kaka, sitaki "tutaona", sitaki methali. Jumapili mtamgusa Kabula na wembe huo, ndiyo au hapana? Nijibu kabla ya kesho saa sita mchana.